Gawanya kwa 25: Majibu kwa Waundaji wa Vigari vya Kimarekani

Barua za mwezi huu karibu zote zinazunguka gari moja, Chevrolet Bel Air ya 1957, na hatushangai. Mapezi yake ya nyuma, shoo (wavu wa mbele) ya rangi ya dhahabu na kromu iliyomwagwa kila pembe humvutia mtu dukani, kisha humtoa jasho mezani. Barua tumezifupisha. Wengi mnauliza kitu fulani kiwe na unene gani, na hapo hesabu ni moja tu: tafuta kipimo cha gari lenyewe kwa milimita, ugawanye kwa 25, maana vigari vya seti hizi za plastiki za kuunganisha ni vya skeli ya 1/25, yaani gari la kweli lililopunguzwa mara 25. Unywele mmoja ulionasa kwenye rangi una kama 0.07 mm. Kwenye gari la kweli huo ungekuwa uzi wa karibu milimita 2 uliolala juu ya boneti.

Shikamooni. Nimepata seti ya Bel Air ya skeli ya 1/25, na rafiki yangu ana rimu na injini zilizobaki kwenye seti zake za 1/24. Nikichanganya itaonekana? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba. Inategemea unachanganya nini. Bel Air ya 1957 ina urefu wa 5,080 mm, na kati ya ekseli na ekseli ni 2,921 mm. Kwa 1/25 utapata 203.2 na 116.8, kwa 1/24, 211.7 na 121.7. Tofauti ni asilimia 4 tu, lakini kwenye urefu wa bodi inafika milimita 8 na nusu. Upana hutofautiana kwa milimita 3 hivi, ndiyo maana dashibodi ya 1/24 haitaingia kwenye bodi yako hata uisugue vipi.

Kwa vitu vidogo haisumbui. Betri yenye urefu wa 260 mm hutoka 10.4 mm kwa skeli moja na 10.8 kwa nyingine, na hakuna jicho litakalogundua. Kabureta, jenereta, usukani na vioo vya pembeni chukua bila hofu. Rimu chukua pamoja na tairi zake, maana ya inchi 14 inazidi kwa zaidi ya nusu milimita na tairi la 1/25 halitaivaa. Injini ipime kwanza: yenye kimo cha 700 mm pamoja na eakilina (kichujio cha hewa) itazidi kwa milimita 1.2, na hiyo inatosha kuzuia boneti isifunge.

Mkanganyiko huu una historia. Skeli ya 1/24 ni ya watu wa futi na inchi: nusu inchi mezani ni futi moja barabarani. Ile ya 1/25 ilishikwa na kampuni za Michigan, hasa AMT, iliyoanza mwaka 1948 kwa kutengeneza vigari vya matangazo vya wauza magari, kisha mwaka 1958 ikatoa seti za "tatu kwa moja" ambazo mtu angeweza kuunda gari kama lilivyotoka kiwandani, la kupambwa, au la mashindano. Monogram wa Illinois wao walipenda 1/24. Siku hizi majina haya yamenunuliwa na kuunganishwa mara kadhaa, kwa hiyo usitegemee jina la kampuni peke yake. Soma skeli ubavuni mwa sanduku, kisha weka rula kati ya ekseli.

Salaam aleikum. Nilipeleka bodi kwa fundi rangi wa magari anipulizie rangi halisi ya gari. Ilitoka na vijufa vidogo vidogo, na sehemu nyingine ina ukungu mweupe. Nini kimetokea? (Msomaji, Mombasa)

Waaleikum salaam. Ni makosa mawili tofauti, na kila moja lina dawa yake.

Vijufa vinatokana na thina. Bodi yako ni ya polistirini, plastiki inayoyeyushwa na thina kali ya NC wanayotumia mafundi kwenye mabati. Fundi alipuliza koti zito la maji maji kama alivyozoea, thina ikakaa muda mrefu juu ya plastiki, ikala, na ilipokauka uso ukapasuka kama udongo wa mbuga wakati wa kiangazi. Rangi ya gari inawezekana kutumika, ila juu ya praima na kwa makoti membamba.

Fanya hivi. Osha bodi kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, maana plastiki hutoka kiwandani na mafuta ya kalibu. Pitisha msasa wa maji namba 600 hadi 800. Hapo ndipo uondoe mishono ya kalibu, ile mistari myembamba inayopita juu ya madigadi ya mbele na kwenye nguzo za nyuma za paa. Wanaoanza huiacha wakidhani ni sehemu ya gari. Kabla ya praima, pitisha mgongo wa wembe kwenye mistari ya milango na buti, mara tano sita bila kukandamiza. Nafasi ya mlango wa kweli ni milimita 4 au 5, yaani 0.2 mm kwako, na makoti sita ya rangi yanaweza kuufukia mstari huo kabisa.

Praima: makoti mawili ya vumbi (membamba sana, yasiyofunika), dakika 10 kati yake, kisha moja la kufunika. Subiri usiku mzima. Rangi nayo hivyo hivyo: mawili ya vumbi ambayo bado yanaonyesha praima, kisha mawili ya maji maji. Kwa kopo la kupuliza simama sentimita 20 hadi 25, kwa brashi ya hewa 10 hadi 15. Anza kupuliza kabla ya kufika kwenye bodi na uachie baada ya kuipita. Ukianzia juu ya bodi, pale ulipobonyeza patadondoka tone. Mwenye brashi ya hewa achanganye rangi na thina nusu kwa nusu, afungue presha ya 15 hadi 20 psi. Mililita 15 hadi 20 za mchanganyiko hutosha bodi na boneti.

Huo ukungu mweupe ni unyevu. Thina inapokimbia haraka huupoza uso wa rangi, na mvuke uliomo hewani hugeuka maji juu yake, kama glasi ya maji ya barafu inavyotoa jasho. Mombasa ni kawaida yenu. Pulizeni saa sita hadi saa tisa mchana, kivulini, hewa inapokuwa kavu kuliko saa nyingine, na siku ya mvua acheni. Asubuhi na mapema, ambayo wengi huipenda kwa sababu hakuna upepo, ndiyo saa mbaya kuliko zote. Tumieni thina inayokauka polepole, na kompresa iwe na kichujio cha maji. Ukungu uliokwisha kutokea mara nyingi huondoka kwa kupuliza vumbi jembamba la hiyo thina ya polepole juu yake. Rangi hulainika kidogo na kuuachia unyevu.

Nyufa hazina dawa hiyo. Sugua kwa namba 800 hadi zipotee, weka praima upya, na kama zimeingia ndani ya plastiki, jaza kwa puti laini kwanza.

Jambo la mwisho kuhusu rangi, kwa wote. Rangi ya gari yenye chembe za fedha inang'aa vizuri barabarani, lakini chembe zile hazigawanyiki kwa 25, na kwenye kigari huonekana kama mchanga. Chagueni rangi tulivu. Mwaka 1957 Chevrolet walikuwa nazo nyingi: Matador Red, Larkspur Blue, Colonial Cream, na ile Tropical Turquoise yenye paa la India Ivory ambayo kwa maoni yetu ndiyo iliyolikaa gari hili kuliko zote. Ila kama plastiki ya seti yako ni nyekundu na unataka rangi nyeupe, tangulieni na koti la fedha chini ya praima. Bila hilo wekundu hupanda taratibu na baada ya muda utakuwa na gari la waridi.

Kromu ya Bel Air inanishinda. Nimejaribu kalamu ya rangi ya fedha, inaonekana kama rangi tu. Na bampa zilizokuja na kromu zina mshono katikati. (Msomaji, Nairobi)

Tuanze na bampa. Kromu ya kiwandani kwenye seti ni alumini nyembamba sana iliyotandazwa juu ya vanishi, na huwezi kuusugua mshono bila kuiondoa yote. Itumbukize bampa kwenye Jik kwenye bakuli la plastiki. Alumini huyeyuka ndani ya dakika chache, wakati mwingine unaitazama inavyokwenda. Vaa glovu, fungua dirisha, na usichanganye Jik na siki wala amonia hata tone, kwani hutoa gesi ya sumu. Itabaki vanishi ya manjano. Ilainishe kwa spiriti na uisugue kwa mswaki. Sasa ondoa mshono kwa namba 600 hadi 2000, puliza rangi nyeusi ya kung'aa, uiache siku mbili tatu ikauke kabisa, halafu weka kromu ya kopo au ya brashi ya hewa kwa vumbi jembamba sana. Ung'avu wa kromu hutoka kwenye ule weusi. Kama weusi una maganda ya chungwa (vinundu kama vya ganda la chungwa), kromu nayo itakuwa nayo.

Hata ukiiacha kromu ya kiwandani, ikwangue mahali pa kugundisha. Gundi ya plastiki hushika plastiki, haishiki alumini, na bampa iliyobandikwa juu ya kromu hudondoka mtu akipiga chafya.

Kwa vipande vya pembeni, fremu za vioo na michirizi ya mlango, achana na kalamu. Tumia karatasi ya chuma yenye gundi nyuma. Inayojulikana zaidi ni Bare-Metal Foil, ya Michigan. Hubandikwa baada ya rangi kung'arishwa, si kabla. Kata ukanda unaozidi pambo kwa milimita 3, uinue kwa ncha ya wembe, ulaze, ukandamize kwa kidole, kisha kwa pamba ya masikio, na mwisho kwa kijiti cha meno kilichotiwa butu ili iingie kwenye kona. Kata pembeni kwa wembe mpya. Mpya kweli: badilisha baada ya kila upande wa gari. Wembe ukiwa butu utavuta karatasi badala ya kuikata, nawe utakandamiza zaidi, na ukikandamiza utaikata rangi. Uzito wa kisu wenyewe unatosha. Kwenye kona usikunje ukanda mmoja. Weka miwili ipishane, kwani mpishano hauonekani ila mkunjo huonekana.

Kwa maandishi madogo kama jina la gari kwenye buti kuna ujanja mwingine. Funika maandishi kwa karatasi hiyo kabla ya rangi, juu ya praima. Puliza rangi kama kawaida. Ikikauka, pitisha msasa namba 2000 wenye maji juu ya herufi tu, mara tatu nne, hadi chuma kichungulie. Herufi zitatoka kali kuliko mkono wowote unavyoweza kuchora.

Ukikosa karatasi hiyo, foili ya jikoni yenye gundi maalum ya foili hufanya kazi kwenye sehemu bapa, lakini ni ngumu na haikubali mviringo. Kwenye Bel Air ina mahali pake pazuri: lile bamba la alumini lenye mistari lililo ndani ya pambo la ubavu wa nyuma. Hilo kwenye gari halikuwa kromu bali alumini isiyong'aa sana, hivyo weka upande mfifi wa foili ukiangalia nje na uikandamize kwa kijiti hadi mistari ijichore.

Wavu wa shoo, ile V ya boneti na ya buti, na vijipambo vitatu kwenye kila digadi la mbele huwa rangi ya dhahabu kwenye Bel Air. Aina za bei ya chini za mwaka huo hazikuwa na dhahabu hiyo, kwa hiyo ukivipaka vitu hivyo fedha umeshusha daraja la gari. Na msitafute mfuniko wa tangi la petroli: umefichwa ndani ya pambo la kromu la pezi la kushoto.

Nataka kuweka waya za plagi kwenye injini. Waya gani, na zinakwenda wapi hasa? (Msomaji, Arusha)

Swali zuri, na hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibika, kwa sababu watu hutumia waya mnene. Waya wa plagi wa enzi hizo una kipenyo cha milimita 7. Gawanya: 0.28 mm. Waya wa umeme uliovalishwa plastiki, hata ule mwembamba wa mafundi redio, hufika nusu milimita, na kwenye injini yako utaonekana kama bomba la maji. Nenda kwa fundi anayewainda mota. Waya wa shaba wenye vanishi wa 0.3 mm anao, na mabaki ya mita mbili yatakutosha magari matano. Upake rangi nyeusi tulivu baada ya kuukunja, si kabla, maana rangi hupasuka kwenye kona.

Mbali na waya unahitaji keekee ya mkono, biti za 0.35 na 1.2 mm, kijiti cha plastiki cha 2.5 mm, na supaglu.

Kutoboa matundu tisa pembeni mwa distributa ya seti (kile kinachogawa umeme kwa plagi) ni kutafuta ugomvi. Rahisi ni kutengeneza mpya. Kata milimita 4 za kijiti, toboa katikati tundu la 1.2 mm lenye kina cha milimita 2. Waya tisa za 0.3 mm zikifungwa pamoja hufikisha milimita 1.1, kwa hiyo zitaingia zote na kubana. Nane ni za plagi, ya tisa inakwenda kwenye koili. Kata kila moja milimita 40, dondosha supaglu kwa ncha ya sindano, na ikikauka zifungue kama mwavuli.

Injini ya V8 ya inchi za ujazo 283, kama zilivyo V8 ndogo nyingine za Chevrolet, ina distributa nyuma, karibu na ukuta wa kabini. Silinda za upande wa dereva, yaani kushoto, ni 1, 3, 5, 7 kutoka mbele; za kulia ni 2, 4, 6, 8. Mpangilio wa moto, yaani zamu ya silinda kuwaka, ni 1-8-4-3-6-5-7-2, na distributa huzunguka kufuata mwendo wa saa ukiitazama kutoka juu. Anza na waya mmoja unaoelekea mbele, uite namba 1, kisha zunguka kwa mwendo wa saa ukizigawa: ya pili iende silinda ya 8, ya tatu ya 4, na kuendelea. Ukimaliza utaona waya zinapishana kidogo nyuma ya kabureta. Ndivyo ilivyo. Zikitoka nne kushoto na nne kulia bila kupishana, anayejua injini atakuumbua.

Kwenye gari lililotoka kiwandani waya hizi hazikai juu. Hushuka nyuma ya injini na kupita chini ya manifoldi za ekzosi kufikia plagi. Toboa matundu ya 0.35 mm ubavuni mwa kichwa cha injini, kina cha milimita 1, kabla ya kuweka manifoldi. Jumba la injini liwe rangi ya chungwa.

Wenye Mustang ya 1965 msifuate hesabu hii. Ford ya 289 ina distributa mbele; silinda 1 hadi 4 ziko kulia kwa aliyekaa ndani ya gari, 5 hadi 8 kushoto; moto ni 1-5-4-2-6-3-7-8, na mzunguko ni kinyume cha saa. Injini ni nyeusi yenye vifuniko vya valvu na eakilina za rangi ya dhahabu. Ile bluu ya Ford ilianza na magari ya 1966.

Waya wa betri weka 0.4 hadi 0.5 mm. Mpira wa rejeta wenye unene wa 45 mm ni 1.8 mm kwako, na risasi ya kuchomelea redio ya unene huo hukunjika vizuri bila kupasuka.

Gari limekamilika lakini tairi moja haigusi meza. (Msomaji, Zanzibar)

Kabla ya kukata chochote, liweke juu ya kioo, si juu ya meza ya mbao. Meza nyingi zimepinda.

Kama bado linachechemea, angalia kwanza sakafu ya ndani, lile bakuli lenye viti. Sababu kubwa kuliko zote ni bakuli kukaa juu mno: rangi, zulia na ukingo wa vioo huongeza unene, bakuli linaisukuma chasisi chini upande mmoja, nawe unailaumu ekseli. Fungua, kwangua rangi sehemu zinazogusana, na usugue ukingo wa juu wa bakuli hadi lilale. Kama chasisi yenyewe imejipinda, itie kwenye maji ya nyuzi 65 hadi 70, dakika moja, ilaze juu ya kioo chini ya kitabu, umwagie maji baridi. Maji yanayochemka usithubutu.

Ikibaki tofauti ndogo, pima kwa vipande vya karatasi ya kawaida ya ofisi, yenye unene wa 0.1 mm hivi. Zikiingia tatu chini ya tairi, weka kipande cha plastiki cha 0.3 mm juu ya springi ya tairi hiyo. Dawa kamili ni kuunganisha bodi, bakuli, chasisi na magurudumu kwa tepu ya karatasi kabla ya kupaka rangi kitu chochote. Ni kazi ya nusu saa, na watu huiruka.

Namba za gari niandike vipi, na kwa ukubwa gani? (Msomaji, Dar es Salaam)

Tangu 1956 vibao vya Marekani ni inchi 12 kwa 6, kwa hiyo kata 12.2 kwa 6.1 mm. Chora kwenye kompyuta, chapa kwa nukta 600 kwa inchi kwenye karatasi ya picha, kisha sugua nyuma yake kwa msasa hadi iwe nyembamba. Kuna mtego wa California: kibao cheusi chenye maandishi ya manjano, ambacho kila mtu anakipenda, kilikuja 1963. Gari jipya la 1957 lilivaa cha manjano chenye maandishi meusi. Cheusi kinafaa kama gari lako ni la miaka ya baadaye, tena basi lichakae kidogo.

Mkanda mweupe wa tairi uwe mpana kiasi gani? Rangi niliyopaka bado inanata baada ya wiki tatu. (Msomaji, Dodoma)

Na haitakauka. Tairi za seti ni vinili laini, na kilainishi kilichomo ndani yake huizuia rangi ya mafuta isikauke. Ifute kwa kitambaa chenye spiriti ya mafuta kidogo, osha, upake akriliki ya maji, makoti mawili. Upana kwa 1957 ni milimita 2.5. Ule mwembamba wa milimita 1 ni wa magari ya 1962 kwenda mbele. Vika tairi kwenye kijiti kilichobana, lizungushe taratibu na uiache brashi itulie mahali pamoja.

Nimefungua sanduku la zamani na kukuta tairi zimeyeyusha kioo cha mbele. Ni joto la huku? (Msomaji, Muscat)

Joto limeharakisha tu. Ni kilainishi kile kile cha vinili: huhamia kwenye polistirini inayogusana nacho na kuila taratibu, hata kwenye kabati baridi. Ukinunua seti, jambo la kwanza toa tairi na uzifunge kwenye mfuko wake. Kwenye gari lililokamilika, zungushia ndani ya rimu ukanda wa foili kabla ya kuvika tairi. Kioo kilichoumwa juu juu husuguliwa kwa 1500, 2000, kisha kompaundi laini. Kilichoumwa kwa kina kitengeneze upya kutoka plastiki angavu ya paketi. Na usiache kigari kwenye gari lililofungwa juani: bodi nyembamba hujikunja kwa joto ambalo vipande vinene vinalivumilia.

Supaglu imetia ukungu kwenye vioo. (Msomaji, Kisumu)

Mvuke wake ndio unaotua na kugeuka weupe. Ung'arishe kwa kompaundi, na safari nyingine gundisha vioo kwa gundi nyeupe ya mbao, tone dogo kila kona. Hukauka bila rangi, na ikimwagika unaifuta kwa maji.

Nasafiri kutoka Minneapolis kwenda Dar mwezi ujao. Naweza kumbebea mdogo wangu nini kwenye ndege? (Msomaji, Minnesota)

Seti yenyewe, karatasi ya chuma (iweke katikati ya kadibodi mbili isikunjike), misasa laini na stika za maji havina tatizo. Nyembe, visu na biti viende kwenye begi la chini. Rangi za akriliki za maji zinaruhusiwa. Ziweke nazo begi la chini, kila chupa kwenye mfuko wa plastiki, kwa sababu vifuniko hulegea angani. Rangi za kopo la kupuliza, thina na gundi ya plastiki yenye kuwaka haziruhusiwi begi lolote, hata zikiwa bado kwenye paketi. Hizo mdogo wako azitafute Dar. Seti itoe kwenye sanduku, vipande vifunge kwenye nguo, na sanduku lifunguliwe liwe bapa. Tairi ziwe mfuko wa peke yake.